Barua Hukatwa Kutoka Chini

Jumatatu, Machi 1

Mvua imeanza, na paa la ofisi limeanza nalo. Nimesogeza meza yangu hatua mbili, ndoo imechukua nafasi yake. Daftari hili nimelinunua kwa sababu miaka tisa nasoma maneno ya watu na yangu sijawahi kuandika hata ukurasa. Kazi yangu ni barua za wasomaji. Gazeti letu hutoka kila Jumamosi, na ukurasa wa barua hufungwa Alhamisi mchana. Nafungua bahasha, nachagua, napunguza, naweka vichwa. Jina langu halitoki popote, wala sijawahi kulililia.

Jumatano, Machi 3

Ndimu kanirudishia tena kichwa nilichompendekezea. "Kimepoa hiki, dada. Mpe mtu wa hali ya hewa." Huyu ndiye mwandishi wa ukurasa wa sita, anayeandika mambo ya wanawake. Ofisi nzima tunamwita Ndimu, na anajua. Miaka hamsini kasoro, aliachana na mumewe zamani, hana mtoto, na hana dogo. Ukikosea koma atakufuata mpaka chooni.

Jumamosi, Machi 6

Makala yake imetoka: "Kitanda ni cha Nani?" Kaandika habari za mjane aliyezika mume Ijumaa, na Jumapili shemeji zake wakaja na mkokoteni. Wakabeba kabati, redio, na kitanda alichokuwa amekalia. Walimwomba asimame kwa adabu kabisa, anasema Ndimu, kisha wakakinyanyua. Halafu anauliza: mwanamke aliyekilalia kitanda hicho miaka ishirini, alikuwa mgeni?

Mama mkwe anakaa nasi tangu macho yalipomchoka. Kila Jumamosi baada ya chai lazima nimsomee. "Haya mwanangu, yule mshenzi wangu kaandika nini leo?" Ananisikiliza mpaka nukta ya mwisho, huku anaguna kila aya. Leo nilipomaliza akasema, "Asiye na mume anajua nini habari za kitanda?" Mume wangu alicheka mpaka chai ikampalia. Nami nilicheka, nisijifanye mwema.

Jumanne, Machi 9

Barua arobaini na moja! Kwa kawaida tunapata kumi na mbili, na nusu yake ni malalamiko ya maji na takataka. Nimezisoma zote. Zinazozungumzia kitanda ni mbili. Zilizobaki zinamzungumzia Ndimu: kaachika, tasa, ana sura ya kiume, mama yake hakumfunza, anatafuta bwana. Mmoja, bila shaka mwalimu kwa ule mwandiko, kajaza kurasa nne kueleza jinsi anavyotembea. Wanasema akutukanae hakuchagulii tusi. Huyu kachagua, na akapiga mstari chini.

Nimeweka nne ukurasani. Ndiyo kazi, wasomaji waseme. Ndimu alipita, akachukua rundo, akasoma mbili tatu amesimama, akazirudisha zimenyooka kuliko alivyozikuta.

"Hawa wote wamenijibu mimi," akasema. "Mjane nani kamjibu?"

Nikamwambia ndio wasomaji wetu. Akanitazama kama mtu anayeumwa jino, akaenda zake.

Alhamisi, Machi 11

Mvua. Ukurasa umefungwa kwa wakati.

Jumatatu, Machi 15

Mvua. Soksi za watoto hazikauki, nimezianika jikoni juu ya masufuria. Barua hamsini na tatu. Kitanda: sifuri.

Alhamisi, Machi 18

Ndimu kaandika juu ya wajane tena, safari hii na sheria zenyewe, kifungu kwa kifungu. Bosi kamwomba apunguze makali. Kapunguza koma mbili.

Jumatano, Machi 24

Kwenye kikao cha wiki bosi, yaani mhariri mkuu, alisema barua zinaleta wasomaji, tuzidi kuzitoa. Ndimu akauliza kwa nini zinachaguliwa za matusi tu. Nikajibu, kwa upole wangu wote, kwamba mimi natoa kinacholetwa, sina upande.

Akanigeukia mbele ya watu kumi na mmoja. "Dada, miaka tisa unafungua bahasha. Kinywa utakifungua lini?"

Watu wakaangua kicheko. Mwandishi wa michezo alipiga meza. Nilitamani ardhi ipasuke. Nimerudi nyumbani nimevimba, na hapa naandika bila haya: mdomo wake mchafu, na wanayomwambia yanamstahili.

Alhamisi, Machi 25

Siku ya mbio. Umeme umekatika mara mbili. Saa nne asubuhi walituletea tangazo la magodoro la nusu ukurasa, likala nafasi yangu. Nikabakiwa na barua tatu fupi na tundu la maneno sitini tu. Na hapo hapo ikaja bahasha ya kaki, karatasi tatu za kuandikwa kwa mkono, za mtu anayejiita fundi pampu. Ni aliyekuwa mume wa Ndimu.

Inaanza hivi: "Mhariri, nilikuwa mume wa mwandishi wenu wa ukurasa wa sita kwa miaka minane. Nimesoma mnayomwandikia. Mnasema hajui kupika. Kweli, mimi ndiye niliyekuwa napika. Mnasema ana mdomo. Kweli, hata mama yangu aliuogopa. Mnasema hakuzaa. Kweli, nyumba yetu haikuwa na mtoto. Mnasema aliiacha ndoa kwa miguu yake. Kweli, alibeba sanduku lake mwenyewe na hakugeuka nyuma."

Hapo ndipo ukurasa wa kwanza unapoishia, na ndipo tundu langu lilipojaa. Mzee aliyenikabidhi meza hii alinifundisha kanuni moja: barua hukatwa kutoka chini. Watu husema la maana mwanzoni. Mwishoni ni salamu na nasaha. Nikapiga mstari mwekundu, nikampelekea mpiga chapa ukurasa mmoja, nikaweka na kichwa: "Nilikuwa Mume Wake." Bosi alinigonga begani. Hajawahi.

Jumamosi, Machi 27

Nilimsomea mama mkwe barua ile nikitegemea atacheka. Aliweka kikombe chini.

"Mume wa miaka minane anamwanika mkewe hivi?" akasema. "Hata kama kaachwa. Walikula sahani moja."

Mume wangu akasema, "Mama, si wewe unayemwita mshenzi?"

"Mimi namwita mshenzi wangu. Huyu kamfanya wa watu wote."

Jumanne, Machi 30

Barua mia moja na kumi na moja. Bahasha zimejaa mpaka kwenye kiti. Zote zinasema kitu kimoja: hata mumewe kakiri. Mmoja kaandika kwamba sasa tunajua kwa nini anatetea wajane, maana naye ndoa yake aliiua kwa mkono wake. Nilisoma mpaka kichwa kikaniuma. Wiki iliyopita ningezifurahia. Leo nilipofika ya sitini niliona kama zimeandikwa na mtu mmoja, tena mtu nisiyetaka kukaa naye.

Ijumaa, Aprili 2

Mvua kubwa, nusu ya ofisi haikufika. Tulikuwa mimi na Ndimu tu upande ule. Alivuta kiti akakaa karibu na ndoo yangu. Ameisha mwili.

Nikamuuliza kama anataka kuiona barua yenyewe. Karatasi zote hukaa kwenye boksi chini ya meza miezi mitatu.

"Sitaki kuona mwandiko wake," akasema. Kisha, "Nina neno moja, dada. Nikiliandika kesho, yeye ndiye atakayechekwa, na mimi nitaachwa nipumue."

"Si uliseme basi?"

"Si langu. Niliahidi."

Alisema vile akitazama matone, bila kujigamba. Nilikuwa namjua kwa ulimi tu. Sikujua kwamba mwanamke yule anaweza kumeza kitu, tena kikubwa, kwa ajili ya mtu aliyemwaibisha. Nilimchemshia chai. Alisema haina sukari ya kutosha, nikaongeza.

Jumamosi, Aprili 3

Leo mama mkwe kanisimamisha katikati ya makala. "Mimi walinichukulia cherehani," akasema.

Baba mkwe alipofariki, ndugu zake walikuja siku ya nne. Cherehani mama mkwe aliinunua mwenyewe kwa kushona sare za shule. Walisema ni ya marehemu kwa kuwa ilikaa kwenye nyumba ya marehemu. Mume wangu alikuwa na miaka minne, hakumbuki. Aliacha kikombe, akatoka nje kwenye baraza, akarudi baadaye macho mekundu.

"Kwa nini hukuwahi kuniambia, mama?"

"Ningemwambia nani? Wewe uliwapenda baba zako wadogo." Kisha akanigeukia. "Endelea. Mshenzi wangu kasemaje tena?"

Jumatano, Aprili 7

Wenye gazeti wameamua. Safu ya Ndimu inapumzishwa, na ya mwisho ni tarehe 24. Bosi alisema "mpaka hali itulie." Miaka kumi na minne ya kuandika! Ndimu aliitikia kwa kichwa, akauliza kama atarudisha funguo za kabati.

Jumatatu, Aprili 12

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Saa tatu asubuhi mwanamume mmoja aliingia, viatu vimejaa tope mpaka vifundoni, kofia mkononi. Mtu mpole, mwenye vidole vilivyochubuka. Alipelekwa kwangu.

"Samahani, dada. Nimekuja kuuliza tu. Ile nusu ya pili ya barua yangu itatoka Jumamosi gani?"

Nikamuuliza barua ipi. Akatoa mfukoni kipande cha gazeti letu, kimekunjamana na kina mafuta. Alikuwa visimani wiki mbili, barabara imekatwa na mvua, na gazeti lile aliliona juzi duka la vifaa, amefungiwa misumari. Alidhani tumeigawa kwa kuwa ni ndefu. Alidhani kuna "itaendelea" iliyokatika pamoja na pembe ya karatasi.

Nilivuta boksi. Nilizikuta karatasi mbili za chini zimenyooka kama zilivyotoka kwenye bahasha. Sikuwa nimezisoma. Nilizisoma mbele yake, na nimeomba ruhusa yake kuzinakili hapa:

"Sasa niwaambie msilolijua. Mtoto tulimtafuta hospitali tatu. Kasoro ilikuwa yangu, na cheti ninacho. Nilimwomba mke wangu asimwambie mtu, hata mama yangu. Mama alimwita mti mkavu mpaka siku anaondoka, naye hakujibu, na mdomo wake mnaujua. Hakuondoka kwa sababu ya mama. Aliondoka kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa mezani, nasikia, nakula. Miaka kumi na miwili mnamwita tasa, na hajanitaja. Mama amefariki mwaka jana, sina tena wa kumficha. Makala ya kitanda nimeisoma mara mbili. Sijaona neno la kubishia. Kama ninyi mmeliona, liandikeni hilo, muacheni alivyoumbwa."

Nikamwambia nusu ya pili haikuwapo kwenye mpango. Nikamwambia niliikata mimi. Hakunifokea. Alikaa kwenye kiti cha bahasha, akashika kichwa.

"Kwa hiyo wiki mbili zote hizi," akasema, "anaamini kwamba mimi ndiye niliyemfanyia hivi."

Nilimuuliza kama bado anataka itoke, akijua watu watamcheka. Akasema, "Yeye amechekwa miaka kumi na miwili kwa niaba yangu, dada. Mimi nitashindwa wiki mbili?"

Kisha nilimpelekea Ndimu zile karatasi. Alikuwa kabatini anapanga majalada. Alisoma amesimama. Akavua miwani, akalia pale pale, bila kujifunika uso.

"Mjinga yule," akasema. "Nani kamwambia atoe cheti?"

Nami nililia. Baadaye aliuliza, "Zilikatwa kwa nini?"

"Nafasi, dada. Tangazo la magodoro."

Akanitazama kidogo, akatikisa kichwa.

Jumanne, Aprili 13

Bosi kakataa. "Tukikiri hili, kila msomaji atauliza nusu ya barua yake iko wapi. Yamepita. Maji yakimwagika hayazoleki."

Mume wangu naye aliniambia jana nisije nikajichongea. Hana ubaya, anaogopa tu, ana haki. Lakini usingizi wangu nao una haki.

Nikamwambia bosi, kwa sauti ambayo hata mimi sikuifahamu, "Sawa. Basi namrudishia fundi karatasi zake, na yule mshindani wetu wa gazeti la Jumapili atazitoa zote tatu, na kipande chetu kando."

Bosi alisugua uso muda mrefu. Akasema niandike na maneno ya kuomba radhi, mistari mitatu, isizidi. Akaongeza kwamba mwezi ujao nitahamia matangazo madogo. Vyumba vya kupanga na mbuzi waliopotea. Haya.

Alhamisi, Aprili 15

Barua nzima, hakuna tangazo. Chini yake nimeandika: "Barua hii ilitoka pungufu Machi 27 kwa kukosa nafasi. Tunamwomba radhi mwandishi wa barua, mwandishi wa ukurasa wa sita, na wasomaji." Nimeisoma mara nne. Imekaa vizuri.

Jumamosi, Aprili 17

Mama mkwe aliomba nirudie aya ya mezani. "Nasikia, nakula," akajisemea.

Jumatatu, Aprili 19

Barua tisini. Watu hawana dogo! Kumi na sita zinaomba radhi. Zaidi ya arobaini zinamcheka fundi. Nyingine zinasema Ndimu ana kiburi, kwa nini hakusema mapema, huko kujifanya malaika ni kwa nini. Akisema, mbaya, akinyamaza, mbaya. Lakini kumi na tisa, nimezihesabu mara mbili, zinazungumzia kitanda. Mjane mmoja kaandika orodha ya vitu alivyochukuliwa, hadi chujio.

Wenye gazeti wamepiga simu. Safu ibaki. Ofisi ilipiga makofi, na mwandishi wa michezo alipiga kwa nguvu kuliko wote. Ndimu alisema asanteni, akauliza nani kachukua kalamu yake.

Jumanne, Aprili 20

Nilijua Ndimu atakuja. Alikuja mchana, akaweka gazeti mezani kwangu, kidole juu ya ile mistari mitatu.

"Kwa kukosa nafasi," akasoma.

"Ndiyo, dada. Nusu ukurasa ulichukuliwa."

"Nimeangalia. Kweli ulichukuliwa. Kukosa nafasi kulikuzuia kuchapa." Akavuta kiti, sauti ya chini, bila ukali. "Kusoma, nini kilikuzuia?"

Ningeweza kusema umeme. Ningeweza kusema mbio za Alhamisi, na kanuni ya yule mzee. Vyote vilikuwepo siku ile. Lakini karatasi mbili zilikuwa mkononi mwangu, na kuzigeuza ni kazi ya nusu dakika.

"Nilifurahi," nikasema. "Ulifanya watu wanicheke jana yake. Barua ilipokuja, ukurasa wa kwanza ulinitosha. Sikutaka kujua zaidi."

Nilingoja ule mdomo wake. Nilikuwa nimeustahili, safari hii kwa haki.

"Siku ile kikaoni nilikukosea," akasema. "Nilikuwa nimesoma matusi arobaini, nikamtafuta wa kumpa moja. Ulikuwa karibu."

Mvua ilikuwa imepungua, matone yanaanguka moja moja.

"Barua zile mia na kumi na moja," akasema, "wote walifurahi kama wewe. Hakuna hata mmoja wao aliyelisema. Wanasema dini, wanasema maadili, wanasema mama yangu hakunifunza." Akakunja gazeti. "Jumamosi hii ukurasa wa sita ni wako. Nimeshamwambia bosi. Kwa jina lako."

"Mimi sijui kuandika makala."

"Umekata barua miaka tisa. Unajua watu huficha wapi lile la kweli."

Jumatano, Aprili 21

Nimekaa mezani jikoni tangu watoto waende shule. Mume wangu kabla ya kutoka alisoma juu ya bega langu, akauliza kama lazima niweke jina, jina hilo ni lake pia. Nikamwambia nitatumia nililopewa na baba yangu. Akafikiri, akasema, "Weka yote mawili."

Mama mkwe amekaa ng'ambo ya meza, anachambua maharage kwa vidole, macho hayamsaidii. Ananingoja nimsomee. Nimeandika mwanzo mara saba na kufuta mara sita. Nimeanza na haki za wajane, nikafuta. Nimeanza na heshima kwa waandishi, nikafuta. Zilikuwa sentensi nzuri, hakuna hata moja iliyoniuma.

Ya saba nimeiacha, na nimemsomea kwa sauti:

"Nilifurahi kumwona mwanamke akitukanwa, na nilikuwa na sababu zangu, na hakuna hata moja iliyohusu alichoandika."

Mama mkwe aliacha maharage. Vidole vyake vilikuwa vimetulia juu ya sinia.

"Andika na mimi," akasema. "Andika kwamba mama mkwe wako naye alicheka, ilhali cherehani yake mwenyewe ilikuwa imechukuliwa."